Kupima Presha Sio Tamasha

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye darasa la vijana wa chama jimboni kwetu. Baadhi yenu mliniomba niyaweke hapa. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu utani ambao mkiusoma bila kunisikia mtanielewa vibaya.)

 

Najua kwenye ratiba imeandikwa kwamba binti wa sheria anakuja kuongelea Katiba. Katiba nimekuja nayo, hii hapa. Ila nimekuja na kitu kingine pia. Hiki kinachofanana na redio ndogo ni mashine ya kupimia presha. Inatumia betri nne kama za rimoti, na bei yake haifikii ya simujanja mliyoishika mkononi saa hizi. Leo nataka kuongelea hivi viwili kwa pamoja, Katiba na mashine. Naomba mnivumilie, nitafika kwenye siasa.

Naanza na nyumbani. Mama yangu mkubwa alikuwa mama lishe. Nasema alikuwa kwa sababu yupo hai lakini hapiki tena. Siku moja kulikuwa na kambi ya upimaji uwanjani, hema, muziki, fulana, kiongozi mgeni rasmi. Akaenda na wenzake wa sokoni. Wakampima, namba ya juu ikasoma 178, ya chini 106. Dada aliyempima akaandika kwenye kipande cha karatasi, akamwambia, "Mama, presha yako iko juu sana, nenda kituo cha karibu." Basi. Hema likafungwa, magari yakaondoka.

Kesho yake akaenda kituo cha karibu. Dirisha la dawa wakamwambia dawa za presha zimeisha, anunue nje. Akanunua za wiki mbili, hela iliyokuwepo ndiyo hiyo. Akazimeza, akajisikia vizuri, akaacha. Na nani angemwambia asiache? Hakuna aliyekuwa na jina lake popote. Miezi minane baadaye akaanguka jikoni na mwiko mkononi. Upande wa kulia wote ukapooza, maneno hayatoki.

Majirani wakasema kapigwa na upepo mbaya. Siku mbili za mwanzo alikuwa kwa mganga wa kienyeji. Shamba la marehemu babu likauzwa kulipia hospitali. Binti yake, ambaye tunalingana umri, aliacha kazi dukani ili amgeuze mama yake kitandani asipate vidonda. Sasa niambieni: yule mama alipimwa au hakupimwa?

Alipimwa. Kwenye ripoti ya ile kambi naye ni mmoja wa waliofikiwa. Kila nikisoma kwamba wananchi kadhaa wamefikiwa na huduma ya upimaji bure, namuona mama mkubwa na karatasi yake mkononi.

Tuelewane kwanza presha ni nini

Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Namba ya juu ni wakati moyo unasukuma, ya chini ni wakati unapumzika. Ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, kwa vipimo vya siku mbili tofauti, hapo ndipo wataalamu wanasema una shinikizo la juu la damu. Miaka inavyokwenda moyo unafanya kazi kupita kiasi, kuta zake zinanenepa, mwishowe unachoka. Mishipa ya ubongo nayo inaweza kuziba au kupasuka, na hicho ndicho kiharusi. Figo zinaharibika. Na kwa miaka yote hiyo, mtu haumwi popote. Kichwa hakigongi, miguu haivimbi, anakula ugali wake, anacheka. Ndiyo maana kusubiri mtu aumwe ndipo aje hospitali hakufai kwa ugonjwa huu. Ni lazima umfuate ukampime akiwa mzima.

Kuna kaka hapa mbele anatikisa kichwa, najua anachowaza: presha ni ya wazee na ya matajiri wanene. Kaka yangu, mwaka 2014 ulitoka utafiti wa Muhimbili uliofuatilia watu wazima wenye moyo uliofeli. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Sababu iliyoongoza, karibu nusu yao, ilikuwa presha. Miaka 55 ni umri wa baba zetu. Mtu wa miaka hiyo ana mtoto chuo, ana mkopo wa pikipiki haujaisha. Na aliyeongoza utafiti ule, Profesa Abel Makubi, baadaye akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya. Kwa hiyo hakuna mtu serikalini anayeweza kutuambia kwamba hawakuwa na habari.

Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila Watanzania wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Hesabuni humu ndani. Mkimaliza, rudini nyuma zaidi, kwenye utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2000. Ulikuta kwamba katika kila watu 100 wenye presha, waliokuwa wanajijua hawakufika 20. Waliokuwa kwenye dawa ni kama 10. Waliokuwa na presha iliyodhibitiwa hawakufika hata mmoja.

Mtaniambia hizo ni takwimu za zamani. Sawa. Lakini Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema mwaka 2021 kwamba duniani kulikuwa na watu wazima bilioni 1.28 wenye presha ya juu, theluthi mbili walikuwa nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu nusu hawakuwa wanajijua, na waliodhibitiwa walikuwa kama mmoja tu kati ya watano. Magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo viko kwenye nchi kama yetu. Tumezoea kuambiwa huu ni ugonjwa wa wazungu. Ukweli ni kwamba siku hizi wanaokufa nao zaidi ni sisi.

Upimaji upi ni nafuu?

Hapa ndo kiini cha maneno yangu, kwa hiyo anayechati aweke simu chini kidogo.

Serikali ikikwambia "tunapima," usipige makofi kwanza. Uliza maswali matatu. Mnampima nani? Mnampima kwa kitu gani? Mkishampima, kesho anaamkia wapi?

Swali la kwanza, nani. Sio lazima kumkusanya kila mtu uwanjani. Njia rahisi kuliko zote ni kumpima kila mtu mzima anayefika kituoni kwa jambo lolote lile. Umekuja na malaria, pimwa. Umemleta mtoto kliniki, pimwa na wewe. Umemsindikiza mgonjwa, kaa hapo dakika tano, pimwa. Mtu kaja mwenyewe kwa nauli yake, wewe unamwacha arudi bila kumpima kitu cha dakika chache? Wanaume hatuwapati huko kwa sababu hamwendi vituoni mpaka mbebwe, na hapo msinikatalie. Nyinyi mfuatwe mlipo. Nitarudi kwenu.

Swali la pili, kwa kitu gani. Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Kuna watu wanadhani upimaji wa maana lazima uwe na mashine ya kuchora mapigo ya moyo, vipimo kumi vya damu na daktari bingwa kutoka mjini. Kwa kumtafuta mtu mwenye hatari, hapana. Shirika la Afya Duniani lina chati lilizozitoa upya mwaka 2019, na mojawapo haihitaji maabara kabisa. Inataka mambo matano: umri, jinsia, kama unavuta sigara, namba ya juu ya presha, na uzito wako ukilinganishwa na urefu. Unasoma kwenye jedwali lenye rangi, unajua huyu ana hatari kiasi gani ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi. Wenye hatari kubwa wanaanza kutibiwa. Tepu ya kupimia urefu, mizani, mashine hii hapa na karatasi moja ya rangi, imeisha hiyo.

Na anayepima sio lazima awe daktari. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa nchi nne: Bangladesh, Guatemala, Mexico na Afrika Kusini. Waliwafundisha wahudumu wa afya wa kijamii, watu wa mtaani kama sisi, kutumia kipimo cha namna hiyo kisicho na maabara. Baadaye wakalinganisha majibu yao na ya wataalamu kwa watu wale wale. Yalifanana kwa asilimia 96.8.

Swali la tatu ndilo lililomuangusha mama mkubwa: kesho anaamkia wapi?

Nawapa mifano miwili. Wa kwanza ni wa Marekani, na nautoa kwa ajili ya nyinyi mnaoshinda saluni mkibishana Simba na Yanga. Kule Los Angeles walichukua saluni 52 za vinyozi na wanaume weusi 319 wenye presha kubwa. Kundi moja, kinyozi alimpa mteja ushauri na kumhimiza amuone daktari. Kundi la pili, mfamasia alikuja pale pale saluni, akampima mteja na kumwanzishia dawa kwa makubaliano na daktari wake. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Baada ya miezi sita, kundi la ushauri namba ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 9. Kundi la dawa ilishuka kwa 27. Wote wateja wa vinyozi, mji ule ule. Tofauti yao ni kwamba hawa dawa iliwafuata kwenye kiti, na wale walipewa maneno ya kwenda nayo.

Wa pili ni wa watu wenye hali kama zetu. Vijijini Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, wahudumu wa kijamii walipita nyumbani kwa wenye presha, wakawapima, wakawaelimisha, na wenye hali mbaya wakawaunganisha na madaktari wa serikali waliofundishwa kwa kazi hiyo. Majibu yalichapishwa mwaka 2020. Presha zao zilishuka kwa pointi 5 zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida, na gharama ilikuwa chini ya dola 11 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima. Mtu asije akawaambia pointi 5 ni kidogo. Kila namba ya juu ikishuka kwa pointi 10, hatari ya kiharusi inapungua kwa kama robo.

Sasa geuza upande wa pili. Watafiti walikusanya majaribio mengi ya zile "check-up za jumla", unamwita mtu mzima asiyeumwa, unampima kila kitu, unamruhusu. Hawakuona kwamba zimepunguza vifo. Kupima peke yake hakuokoi mtu. Kinachookoa ni dawa ya leo, ya mwezi ujao na ya mwaka ujao, pamoja na mtu anayejua kwamba fulani wa nyumba ile hajaja kuchukua dawa, twende tukamuulize kulikoni.

Ndiyo maana nasema hema la siku moja uwanjani ni ghali, hata kama linaitwa la bure. Weka mafuta ya magari, posho, jukwaa, muziki, fulana, halafu gawanya kwa idadi ya watu ambao mwaka mmoja baadaye bado wako kwenye dawa. Sijui kama kuna halmashauri ingependa kututolea jibu hilo hadharani.

Vitu vya kufanyia kazi tunavyo

Msinielewe vibaya, mimi sio mtu wa kuponda kila kitu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza mwaka 2015 na imeokoa watu ambao zamani ilikuwa lazima wapelekwe India. Hilo ni jambo jema, na mpinzani asiyeweza kusema jambo jema ni jema watu hawatamuamini akisema baya ni baya. Lakini taasisi ile iko mwisho wa barabara. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale ndipo tunapojenga ukuta, na ukuta wa moyo ni ghali. Ufa uko zahanati.

Na zahanati tunazo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao pia: mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa nao zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, yaani wawili kila kitongoji na kila mtaa. Mpango mzuri. Swali letu liwe dogo tu: kwenye begi la yule mhudumu kuna mashine ya presha? Jirani zetu Kenya, mwaka 2023, walipozindua wahudumu wao wapatao 100,000 waliwapa begi lenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, na mwaka huo huo wakawaweka ndani ya Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi. Nao wana shida zao, hilo najua. Lakini mashine imo kwenye begi na mhudumu yumo kwenye sheria.

Na utaratibu wa kumfuatilia mgonjwa wa maisha tunaujua tayari. Tumeujifunza kwenye VVU. Mtu ana kadi, ana tarehe ya kurudi, asipokuja anatafutwa, na dawa hakosi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye vituo 32 vya Tanzania na Uganda. Waliweka wagonjwa wa VVU, kisukari na presha kwenye kliniki moja, foleni moja, dirisha moja la dawa. Wenye VVU waliendelea vizuri kama walivyokuwa, na wa presha na kisukari wengi wao walibaki kwenye matibabu. Kwa hiyo akija mtu hapa akasema "hilo haliwezekani Tanzania," mwambieni limeshafanyika Dar es Salaam.

Sasa Katiba

Haya, turudi kwenye kitabu changu. Ibara ya 14 inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Ibara ya 9 inataka utajiri wa Taifa uelekezwe hasa kwenye kuondoa umaskini, ujinga na maradhi. Ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee na maradhi. Maneno mazuri, si ndio?

Sasa mwanafunzi wa sheria akishakusomea mazuri, mwambie akusomee na ibara ya 7(2). Hiyo inasema mambo ya sehemu ile, zikiwemo ibara za 9 na 11, hayawezi kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo mama mkubwa hawezi kumshtaki mtu kwamba dirisha lilikuwa tupu. Siku niliyosoma hiyo ibara darasani nilikaa kimya mpaka kipindi kikaisha.

Lakini kuna somo jingine la sheria, na hili linawahusu moja kwa moja. Zamani halmashauri kutenga asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu ilikuwa kama hisani ya mkurugenzi. Akitaka anatenga, asipotaka basi. Mwaka 2018 kikaingizwa kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Toka siku hiyo, hata kijana wa darasa la saba anaweza kusimama mbele ya mkurugenzi na kuuliza asilimia nne yetu iko wapi. Zimeliwa, ndiyo, kuna mahali zimeliwa. Lakini tunajua zimeliwa kwa sababu kuna namba iliyoandikwa ya kulinganisha.

Presha haina namba hiyo. Hakuna kifungu kinachosema kituo kikikaa siku kadhaa bila dawa ya presha, fulani atajieleza. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwenda afya, na ahadi ile ikabaki kwenye makabrasha. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na mimi naunga mkono bima kwa wote. Ila kadi ya bima haipimi mtu presha. Ukiwa nayo mfukoni na dirisha ni tupu, uko pale pale alipokuwa mama mkubwa.

Kwa hiyo hoja yetu kama chama iwe na mambo manne yanayohesabika. Moja, kila mtu mzima anayefika kituo cha umma apimwe presha na iandikwe. Mbili, kila mhudumu wa jamii awe na mashine, na mashine ikaguliwe kila mwaka. Tatu, dawa za msingi za presha zisikosekane zahanati, na kila kituo kibandike ukutani siku zilizokosekana mwezi uliopita. Nne, ripoti ya wilaya ihesabu waliodhibitiwa, isiishie kwa waliopimwa. Hiyo ya nne ndiyo watakayoipinga sana, kwa sababu ndiyo inayoumbua.

Mtaulizwa hela zitatoka wapi. Dawa nyingi za presha ni za zamani, hazina tena hakimiliki, zinatengenezwa na viwanda vingi na bei yake iko chini. Na hela tunazitumia hata sasa, ila tunazitumia kwa kuchelewa, kwenye kusafisha figo, kwenye vitanda vya wagonjwa mahututi. Nyingine hazionekani kwenye bajeti ya mtu yeyote. Lile shamba la babu lilikuwa bajeti ya afya. Mshahara wa binamu yangu pia.

Na sisi tujipime

Hapa mtanisamehe. Mwaka jana vijana wa chama tulifanya siku ya upimaji bure, na mimi nilikuwa kwenye kamati. Tulikodi spika, tukavaa sare, tukaleta muuguzi mwenzetu na mashine mbili. Watu walijaa. Tulipiga picha nzuri, nyingine zilisambaa sana. Jioni nikabaki na daftari. Lilikuwa na majina na namba za simu, na baadhi ya zile presha zilikuwa za kutisha kuliko ya mama mkubwa. Nikamuuliza mwenyekiti wetu, hawa tunawafanyaje? Akasema, tumewashauri waende hospitali.

Lile daftari nilikaa nalo wiki tatu kabla sijampigia mtu hata mmoja. Mimi, niliyeona nyumbani kwetu inavyokuwa. Nilipopiga, wengine walikuwa wamebadilisha namba. Mzee mmoja, simu ilipokelewa na mwanawe. Sitasema zaidi.

Kwa hiyo nikiikosoa serikali kwa mahema yake, na mimi nimo. Ombi langu ni kwamba chama kisipime tena mtu yeyote kama hatujakubaliana na kituo kabla, tukajua dawa zipo, na tukampa kila kijana majina matano ya kufuatilia kwa miezi sita. Kama hatuwezi hayo, tutumie hela ya spika kununua mashine na kuipeleka zahanati.

Kazi za kwenda nazo

Ya kwanza. Nenda kaandike barua kwenye halmashauri yako ukitumia Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Omba kujua zahanati yenu ilikosa dawa za presha siku ngapi mwaka huu wa fedha, na kama dawa hizo zimo kwenye orodha yake. Wana siku 30 za kukujibu. Andika kwa heshima, tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Atakayekwama anitafute, nitamsaidia kuiandika.

Ya pili. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa ufanyike angalau kila miezi mitatu. Nenda. Kamati ya usimamizi ya zahanati nayo ina wawakilishi wa wananchi, na siku hizi hela za uendeshaji zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Uliza zimenunua nini. Usigombane na muuguzi. Muuguzi yuko peke yake na foleni ya watu sitini, yeye sio adui yetu.

Ya tatu. Bajeti mpya inaanza Julai mosi, lakini madiwani wanaijadili miezi kadhaa kabla. Ukienda Juni umechelewa. Diwani awe wetu au wao, mfuate mapema na yale mambo manne.

Ya nne ni ya leo jioni. Mpeleke baba, mama, shangazi, bibi akapimwe. Akae ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Ikiwa juu, arudi siku nyingine apimwe tena. Ikiwa bado juu, dawa, na asiache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza. Na wewe mwenyewe ukae kwenye kile kiti kabla yake, aone.

Mama mkubwa sasa anaweza kusema maneno machache. Wiki iliyopita nilimwambia nakuja kuongea na vijana kuhusu presha. Akanyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha droo ya kabati. Nikafungua. Ile karatasi ya kambini bado anayo, ameikunja vizuri, imeandikwa 178 kwa 106.

 Mashine iko hapa mezani na muuguzi wetu yupo. Tumeshaongea na zahanati ya hapa jirani, mganga mfawidhi amethibitisha dawa zipo, na leo daftari lina safu ya nani atamfuatilia nani. Wanaume tangulieni.